Mume wangu anaumwa figo, na ameniapisha nisimwambie ndugu yake yeyote

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitokee. Wifi yangu husoma safu hii, na watu wa kwao hasa ndio ninaowaficha jambo.

Nina miaka 38, mume wangu 44, na tuna watoto wawili. Presha aligundulika nayo zamani, ila dawa alikuwa anameza kichwa kikiuma na kuziacha kikipoa. Mwaka jana walipimwa afya kazini kwao wote. Akarudi akasema yuko salama. Mimi nilikuwa nimeshaona jambo chooni muda mrefu: mkojo wake unaacha povu zito, jeupe, ambalo hata akivuta maji haliondoki lote, linabaki limeng'ang'ania ukingoni. Nilipomuuliza alicheka, akasema ni ile dawa ya kusafishia choo.

Karatasi ya majibu niliikuta kwenye gari, imekunjwa ndani ya bahasha ya bima, pamoja na paketi ya diclofenac iliyokaribia kuisha. Hizo anameza kwa ajili ya goti, na hajaacha. Karatasi ilisema kreatinini, yaani uchafu wa damuni ambao figo hutakiwa kuutoa, iko juu na kiwango cha figo kuchuja ni 27. Nilipomkabili ndipo akakubali twende kwa daktari bingwa wa figo. Vipimo vikarudiwa baada ya miezi mitatu, ikawa 26, na protini nyingi kwenye mkojo. Daktari akasema ni ugonjwa sugu wa figo, hatua ya nne. Akambadilishia dawa ya presha, akamwongezea kidonge cha kupunguza maji mwilini, akatuambia turudi baada ya wiki mbili kupima damu.

Tuliporudi kreatinini ilikuwa imepanda kidogo. Daktari akasema hilo alilitarajia, tuendelee, atapima tena. Mume wangu hakusikia neno lingine baada ya "imepanda". Usiku ule alinionyesha kwenye simu kwamba dawa zile zinaua figo, na tangu hapo hazimezi.

Sasa anakunywa unga wa majani aliopewa na mfanyakazi mwenzake, eti unasafisha figo. Anaukoroga asubuhi kwenye kikombe kikubwa, maji yanakuwa ya kijani, na chini yanabaki makapi ambayo anayakomba kwa kijiko ili yasipotee. Juu yake anashushia maji, chupa baada ya chupa, mpaka jioni miguu imevimba na alama ya soksi inabaki.

Kuhusu kiapo. Baba yake alikufa kwa figo. Alianzishiwa mashine ya kusafisha damu akiwa hoi, na haikupita miezi mingi akafariki. Mume wangu anasema mashine ndiyo iliyomuua baba. Akaniapisha kwamba nisimwambie mama yake, wala kaka yake, wala dada yake, wala mdogo wake. Alisema nikifanya hivyo nitakuwa nimemzika akiwa hai.

Lakini huyo mdogo wake, Shangazi, ni mzima kabisa, anacheza mpira hadi leo, na wanapendana mno. Najua akisikia hatasita kutoa figo. Mimi pia nimewaza kutoa yangu, kisha naangalia watoto naogopa, kisha naona aibu kwa kuogopa. Na tulikuwa tunataka mtoto wa tatu.

Nyumbani nimekuwa askari. Chumvi nimeificha. Ndizi, machungwa, maharage, maziwa, nyama, vyote nimepiga marufuku kwa orodha niliyoitoa kwenye simu. Amekonda. Hatuongei ila kuhusu alichokula. Na hili naliandika kwa haya: tangu majibu yale hanigusi. Amehamia chumba cha watoto, anasema mimi nakoroma. Nilishawahi kupekua simu yake nikitafuta mwanamke mwingine. Sikukuta kitu.

Nivunje kiapo nimwambie mdogo wake kabla hatujachelewa? Au ninyamaze nimwangalie akienda njia ya baba yake?

Mke mwenye kiapo

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu kiapo, na kiapo tutakifikia. Ila nikisoma barua yako naona umebeba siri, jiko, vipimo, kitanda na figo ya shemeji yako, vyote kwa mikono miwili, na kila kimoja unakibeba kana kwamba kesho ndiyo siku ya mwisho. Nianzie hapo kwenye kesho. Mimi si daktari wa mumeo, kwa hiyo penye dawa nitakupa maswali ya kumpelekea, na uamuzi utabaki kwake na kwa mgonjwa wake.

Hatua ya nne ni pale kiwango cha kuchuja kinapokuwa kati ya 15 na 29. Ya tano huanzia chini ya 15. Figo zake zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo, na yale yaliyopotea kwa makovu hayarudi. Hilo ni kweli na sitalipamba. Lakini ipo kweli nyingine ambayo hofu yenu imeifunika: 27, kisha 26 baada ya miezi mitatu. Huo si mporomoko. Wapo wanaokaa hatua ya nne kwa miaka, na wapo wasiofika kwenye mashine kabisa. Anafika lini, au hafiki, hutegemea sana mambo mawili ambayo bado yanaweza kushikwa: presha, na ile protini inayovuja. Povu uliloliona chooni ndilo protini yenyewe. Uliona sawasawa kabla ya mtu yeyote.

Sasa dawa alizoziacha. Sijui aliandikiwa ipi, lakini mtu wa presha anayevujisha protini mara nyingi hupewa zile ambazo majina yake huishia na "pril" au "sartan". Hizi hushusha msukumo wa damu ndani ya vichujio vidogo vya figo. Kila figo inavyo karibu milioni moja, na vilivyobakia kwa mumeo vinafanya kazi ya vyote, kwa msukumo mkali kupita kiasi. Msukumo ukishuka, protini huvuja kidogo na vichujio hudumu. Bei yake ni kwamba kreatinini hupanda kidogo mwanzoni. Miongozo ya kimataifa ya madaktari wa figo inakubali dawa iendelee maadamu kupanda huko hakujapita asilimia 30 katika wiki nne za mwanzo, huku potasiamu, yale madini ya damuni yatokanayo na vyakula kama ndizi, ikipimwa. Ndiyo maana daktari wenu aliitazama namba ileile bila kutetereka. Mumeo hakuwa mjinga kuogopa. Alipewa dawa ya kulinda figo, akaona namba ya figo inazidi kuharibika, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba ingekuwa hivyo.

Kuna kitu kingine katika barua yako ambacho umekipita haraka, mimi nikarudi kukisoma mara ya pili. Ile paketi ya kwenye gari. Diclofenac, ibuprofen na jamaa zake hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Zikikutana mwilini na dawa ya presha ya aina niliyoitaja, pamoja na kidonge cha kupunguza maji, figo zinaweza kuzidiwa kwa muda mfupi. Mchanganyiko huo wa aina tatu madaktari wanaujua na wanauogopa. Je, daktari anajua kuhusu goti? Kama hakuambiwa, inawezekana kabisa mumeo amekishtaki kidonge cha hospitali kwa kosa la kidonge cha kwenye gari. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema swali hilo halijaulizwa, na lina jibu. Goti lenyewe linauma kweli, kwa hiyo apewe mbadala: kwa wagonjwa wengi wa figo parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo huanziwa.

Usije ukamwambia arudie dawa zote kesho kimyakimya. Amekaa bila dawa, anakunywa majani yasiyojulikana, miguu imevimba. Damu ipimwe kwanza, hasa potasiamu, kwa sababu ikipanda inaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila kutoa dalili yoyote kabla. Na kuvimba huko kusisubiri tarehe ya kliniki. Akianza kukosa pumzi akilala chali, au akitapika mfululizo, au mkojo ukapungua sana, au akachanganyikiwa, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Maji nayo. Wengi wanaamini ukiyamwaga mengi yatasuuza figo. Figo zenye afya huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote mwilini, zikitoa lita moja au mbili tu za mkojo. Kazi ya kuchuja wala haisubiri chupa zake. Figo zilizochoka zikizidiwa na maji, yanabaki mwilini, na soksi inakuonyesha yamekwenda wapi. Kiasi kinachomfaa akitaje daktari, maana hakifanani kwa kila mgonjwa.

Kuhusu unga ule, sitakudanganya kwamba naujua. Ninachokijua ni kilichotokea Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990: wanawake wengi waliotumia dawa za mitishamba za kupunguza mwili waliharibikiwa figo, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mmea wenye sumu inayoitwa asidi aristolokiki. Waliomeza waliambiwa ni majani tu. Ukimwambia mumeo "acha uchafu huo", atausogeza ofisini na hutauona tena. Mwambie mwende nao kliniki, kwenye mfuko wake, pamoja na paketi ya diclofenac na kila anachomeza. Daktari asiyejua mgonjwa anakunywa nini anatibu mtu mwingine.

Tuje kwa baba mkwe wako, maana yeye yumo katika kila uamuzi wa mumeo. Umeandika alianzishiwa mashine "akiwa hoi". Hilo neno lina uzito. Anayefika hospitali siku ya dharura, sumu imeshajaa damuni, moyo umeshazidiwa, akachomekwa mrija shingoni usiku huohuo, yuko kwenye hatari kubwa sana katika miezi ya kwanza, na ndugu walioketi nje wanachokikumbuka ni mashine. Mtoto aliyeona baba yake akiingia na kutoka pale ana haki ya kuichukia. Lakini mashine haikumpata baba akiwa mzima. Sijui kama utaweza kumwambia hivyo kwa sauti. Labda umuulize tu: baba aligundulika lini? Alikuwa anahudhuria kliniki? Mara nyingi mtu akisimulia mwenyewe, husikia kile asichokisikia kwa mwingine.

Tena kujiandaa hakumaanishi kuanza. Utafiti mmoja mkubwa wa Australia na New Zealand, uliochapishwa 2010, ulilinganisha walioanza kusafishwa damu mapema na waliosubiri mpaka dalili zikajitokeza, chini ya uangalizi wa karibu. Walioanza mapema hawakuishi zaidi. Kwa hiyo daktari mzuri hamkimbizi mumeo kwenye mashine. Anachotaka ni kwamba, siku hiyo ikija, isimkute hoi. Na mashine ya hospitali, ambayo kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, kwa muda wa kama saa nne kila mara, ni njia moja tu. Ipo ya tumboni, inayofanyika nyumbani, ambapo maji maalumu huingizwa kwa mrija na utando wa tumbo ukafanya kazi ya kuchuja. Upo upandikizaji, ambao unaweza kufanyika hata kabla ya kugusa mashine. Na wapo, hasa wazee sana au wenye maradhi mengine mazito, wanaochagua kutunzwa vizuri bila kusafishwa damu. Aliyeapa kukataa njia moja pengine hajawahi kuonyeshwa nyingine.

Sasa shemeji yako. Kabla hujamtazama kama mtu mwenye figo ya kutoa, nakuomba umtazame kama mtoto wa baba yuleyule.

Baba kafa kwa figo, mwana anaumwa figo kabla ya kufika miaka 45. Huenda ni presha tu, kwani nayo hutembea katika familia, na inaweza kuwa chanzo cha ugonjwa wa figo au matokeo yake. Lakini yapo maradhi ya figo yanayorithiwa. Moja ni lile la figo kujaa vifuko vya maji, ambapo kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja katika mbili ya kulirithi, na mara nyingi huonekana kwa altrasaundi. Mumeo amepigwa altrasaundi? Daktari alisema chanzo ni nini? Barua yako haikutaja, na ningependa hilo liwe swali lako la kwanza kliniki, kwa sababu linawahusu ndugu zake wote watatu, na siku moja linaweza kuwahusu watoto wako. Kucheza mpira si kipimo. Mume wako naye alikuwa akienda kazini kila siku akiwa na 27.

Hapo ndipo kiapo kinapoanza kuonekana tofauti. Siri ya ugonjwa wake ni yake, nakubaliana naye. Lakini kifo cha baba yake si siri ya mtu. Ukoo mzima ulizika. Kwa hiyo kuna jambo unaweza kulisema kwa shemeji na wifi yako bila kugusa kiapo hata kidogo: baba aliondoka kwa figo, ninyi mmeshapima? Presha, mkojo kuangalia protini, damu kuangalia kreatinini. Basi. Hatari yake unaijua: mmoja wao anaweza kukugeukia akuulize, "Na kaka je, kapima?" Ujue mapema utajibu nini. "Muulizeni mwenyewe" si uongo, ingawa mwenye masikio atasikia.

Njia nyingine ni kumrudia mumeo umwombe akulegezee kiapo kidogo. Usimwombe ruhusa ya kutangaza, mwombe mtu mmoja tu, amchague yeye, na aseme mwenyewe. Pengine hatakuwa mdogo wake. Pengine atakuwa dada. Hatari hapa ni kwamba atakataa, na mtabaki pale mlipokuwa, ila sasa anajua kwamba kiapo kinakulemea. Mimi sioni kama hiyo ni hasara, ingawa wewe ndiye utakayelala na ukimya huo, naye akiwa chumba cha pili.

Ukivunja kiapo kwa siri ukamwambia mdogo wake, huenda ukamwokoa. Yapo majumba yaliyopona hivyo. Lakini fikiria anavyoweza kulipokea mtu ambaye tayari ameshakimbia dawa: anaweza kukimbia na kliniki pia, na safari hii bila wewe kujua tarehe wala majibu. Leo wewe ndiye mtu pekee anayeongozana naye. Na mdogo wake atakuwa amepewa habari na ombi kwa pumzi moja, hata kama hukulitamka ombi. Ukinyamaza kabisa nako kuna gharama yake, na wewe umeshaanza kuilipa. Kunyamaza kuna kikomo vilevile: akizidiwa nyumbani, hakuna kiapo kinachokuzuia kumwita anayeweza kukusaidia kumbeba.

Kuhusu kutoa figo, aibu yako iweke chini kwanza. Mwaka 1954 huko Boston, Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo moja katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, na yeye mtoaji akaishi miaka 56 baada ya hapo. Watu wengi hutoa na kuishi vizuri. Hata hivyo si zawadi isiyo na hatari: uwezekano wa mtoaji kuja kupata tatizo la figo ni mdogo, lakini ni mkubwa kuliko kama asingetoa, na mwanamke anayebeba mimba baada ya kutoa ana uwezekano zaidi wa kupata presha ya ujauzito. Wewe unayetaka mtoto wa tatu una sababu ya kuogopa, na hofu hiyo haipunguzi upendo wako. Mke anaweza kumpa mume figo, si lazima wawe wa damu moja, ila kundi la damu na vipimo vingi vitasema. Vituo makini humhoji mtoaji peke yake, bila mgonjwa wala ndugu, na akitaka kujitoa hulindwa asiumbuliwe. Hilo ni kweli kwako, na ni kweli kwa shemeji yako. Na usishangae mumeo mwenyewe akikataa kupokea. Wengi huona ni kumuumiza ampendaye.

Jikoni, mwanangu, punguza uaskari. Chumvi ndiyo ya kushikilia: isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya vyakula vya pakiti. Zile chumvi mbadala usizinunue kabla ya kuuliza, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Mengine yote uliyoyafungia yategemee majibu ya damu yake, siyo orodha ya simu. Si kila mgonjwa wa figo anakatazwa ndizi, na kama potasiamu yake iko sawa, umemnyima bure. Protini hupunguzwa kwa kiasi, mara nyingi karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, haifutwi. Kukonda kwa mgonjwa huyu ni hatari inayojitegemea. Omba mpelekwe kwa mtaalamu wa lishe, na yeye mume akae kwenye kiti cha mbele asikie mwenyewe, ili wewe urudi kuwa mke anayekula naye meza moja.

Na chumba cha watoto. Sijakuta katika barua yako dalili ya mwanamke mwingine. Nimekuta mwanamume mwenye ugonjwa ambao kwa wanaume wengi hupunguza hamu na nguvu za tendo. Figo zikichoka damu hupungua, homoni huvurugika, uchovu unazidi, na baadhi ya dawa za presha huchangia. Ongeza hofu juu yake. Mwanamume anayeogopa kushindwa kitandani anaweza kumsingizia mkewe kukoroma. Jambo hili lina vipimo na lina tiba, lakini madaktari wengi hawalianzishi mpaka waulizwe. Kama hawezi kulisema mbele yako, mpe nafasi aingie peke yake dakika chache. Na wewe unaweza kumwambia, bila kudai chochote, kwamba unataka arudi kulala tu.

Mkienda kliniki, ongeza na swali hili. Kuna dawa ambazo zilianza kama za kisukari, dapagliflozin na empagliflozin. Majaribio makubwa yaliyochapishwa tangu 2020 yalionyesha kwamba hupunguza kasi ya figo kuharibika hata kwa baadhi ya wasio na kisukari, na kiwango cha 26 si cha chini mno kuzianza. Muulize daktari kama zinamfaa. Kwa mtu anayeamini hakuna kinachofanyika isipokuwa kusubiri mashine, hata kulisikia swali hilo likijibiwa kunaweza kumrudisha mezani.

Halafu kuna jambo dogo unaloweza kulianza wiki hii, ambalo halihitaji ruhusa ya mtu wala halivunji kiapo. Mumeo akitolewa damu au akiwekewa dripu, waombe wachome mshipa wa nyuma ya kiganja, waiache mishipa ya mkono asioutumia kuandikia, kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko. Kama siku moja atahitaji mashine, mishipa hiyo ndiyo itakayounganishwa kwa upasuaji mdogo, na huchukua wiki hadi miezi kukomaa. Mishipa iliyotobolewa ovyo mara nyingi haifai tena. Wauguzi wengi wataelewa ukitaja tu kwamba ni mgonjwa wa figo hatua ya nne. Asiyeelewa, mkumbushe kwa upole, na mkono ule mumeo asiunyooshe.

Shangazi